Kaya ya Chumba cha Sita

Dada yake mke wangu ni muuguzi wa gereza, na tangu nimwoe mdogo wake sijawahi kumshinda kwa maneno. Siku ya kwanza nilipokaribishwa kwao alinishika viganja, akavigeuza, akaniuliza mbele ya wazazi wake kama nikinawa natumia sabuni au najilowesha tu. Ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti ya kumsimamisha mtu ng'ambo ya uwanja, na viatu vyeupe vya mpira anavyovisugua kwa mswaki wa zamani. Wafungwa wanamwita Mama Vikopo, kwa sababu mfukoni mwake hamkosekani vikopo vya kupimia makohozi. Sisi nyumbani tunamwita Sindano, akiwa hayupo.

Mimi ni karani wa takwimu katika ofisi ya afya ya wilaya. Napokea fomu, nazikagua, naziingiza kwenye kompyuta, na zilizokosewa nazirudisha zilikotoka. Nataja kazi yangu mapema ili ijulikane kwamba katika habari hii mimi ndiye niliyekuwa kikwazo, na sioni haya kusema hivyo. Kwa kweli naona haya, lakini nasema.

Zahanati ya gereza ni chumba kimoja na nusu. Ile nusu ilikuwa stoo ya mafagio. Shemeji aliipora kutoka kwa askari wa usafi akaweka kitanda. Kuna mizani inayosoma kilo mbili hata asipopanda mtu, kabati la dawa lenye kufuli mbili, na ukutani kuna karatasi kubwa ya rangi iliyotoka wizarani: Malengo ya Taifa ya Afya. Kila mwenye kifua kikuu agunduliwe. Kila aliyegunduliwa atibiwe. Kila aliyetibiwa apone. Chini yake wamechorwa baba, mama na watoto wawili mbele ya nyumba yenye bati jipya, wote wanacheka. Pembeni ya karatasi hiyo kulikuwa na cheti ndani ya fremu ya kioo, kinachopongeza kituo kwa kumaliza mwaka mzima bila mgonjwa hata mmoja wa kifua kikuu. Cheti hicho nilikichapa mimi.

Sasa sikiliza sifuri hiyo ilivyopatikana. Malengo ya taifa hupimwa kwa kaya. Wahudumu wa afya hupita nyumba kwa nyumba wakiandika mtaa, namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, idadi ya wakazi, na wangapi wanakohoa zaidi ya wiki mbili. Kwa fomu hizo wizara hupanga vipimo na dawa ziende wapi. Gereza halina kaya, kwa hiyo halina fomu, kwa hiyo halimo kwenye mgao. Kituo kilitakiwa kuandika tu mwisho wa mwaka idadi ya wagonjwa waliothibitishwa. Bila vipimo utamthibitisha nani? Kila Desemba shemeji aliandika sifuri, akatia saini, akagonga mhuri, nami nikaipokea kwa mikono miwili.

Mwaka juzi katika chumba cha sita alikuwepo mfungwa waliyemwita Kinyozi. Aliwanyoa wote, wafungwa kwa askari, kwa mashine aliyokabidhiwa asubuhi na kuirudisha mchana. Alikohoa miezi mitatu. Shemeji aliomba vipimo mara nne, mara nne akajibiwa kwamba kituo chake hakimo. Kinyozi alifariki mwezi wa Novemba. Mwezi uliofuata shemeji aliletewa karatasi ya mwisho wa mwaka, na kwa kuwa Kinyozi hakuwahi kupimwa, akaandika sifuri kama kawaida. Januari cheti kikaja na fremu yake.

Alinisimulia hayo Jumapili moja jikoni kwetu akimenya viazi, bila kuinua macho.

"Nilisaini mimi, shemeji," alisema. "Si mkuu wa gereza, si wizara. Mkono huuhuu."

"Ungefanya nini? Fomu ndivyo ilivyo."

"Fomu," alisema, akatupa ganda kwenye beseni kwa hasira. "Fomu imeandikwa na mtu."

Alikuwa na sababu ya kulirudia jambo hilo. Mfungwa mwingine wa chumba kilekile, Fundi, mpole wa karakana ya cherehani ambaye ndiye aliyeshona sare za gereza zima, alikuwa na wiki ya tano anakohoa. Suruali aliyojishonea mwenyewe ilikuwa imeanza kumpwaya. Na alikuwa analala palepale alipolala Kinyozi, kwa sababu chumba kile kilijengwa kwa watu ishirini na nafasi ikipatikana hakuna anayechagua. Shemeji alimwona Kinyozi wa pili anakuja, na safari hii hakukubali.

Jumapili hiyo alipoondoka kwetu mkoba wake ulikuwa umetuna. Nilidhani mke wangu kampa vitunguu. Jumatano, mezani kwangu ofisini, nikakuta fomu kumi na nne za kaya, za bunda nililokuwa nimeliweka nyumbani, zimejazwa kwa mwandiko ninaoufahamu. Mtaa: Ukutani. Kaya namba moja hadi kumi na nne. Nikaisoma ile ya sita. Mkuu wa kaya: Nyapara, mfungwa msimamizi wa chumba. Kazi ya mkuu wa kaya: kifungo. Idadi ya wakazi: sitini na mmoja. Vyoo: kimoja. Madirisha: moja, dogo. Wanaokohoa zaidi ya wiki mbili: kumi na saba. Na kwenye orodha ya wakazi, mstari wa kwanza kabisa: Kinyozi, amefariki, hakupimwa.

Nikagonga mhuri mwekundu wa kurudisha. Zikaja tena Ijumaa, bila kubadilishwa hata nukta. Nikagonga tena. Jumatatu akaja mwenyewe, akavuta kiti cha wageni, akakaa na mkoba mapajani.

"Shemeji, utanifukuzisha kazi," nilimwambia kwa sauti ya chini. "Selo si kaya."

"Mwongozo wako uko wapi?"

"Upo."

"Nisomee maana ya kaya. Soma kwa sauti, wenzako nao wasikie."

Nikafungua ukurasa wa tatu. "Kaya ni watu wanaoishi chini ya paa moja, wanaokula chungu kimoja, na wanaomtambua mmoja wao kuwa mkuu wao."

"Paa wanalo?"

"Wanalo."

"Chungu?"

Nikafunga mwongozo. Karani wa chanjo, aliyekaa nyuma yangu, akaanza kucheka.

"Kimoja, tena kikubwa kuliko chako," alisema shemeji. "Na Nyapara wanamtambua, asiyemtambua atajua mwenyewe. Kaya yako wewe mkuu wake nani? Mdogo wangu anakutambua?"

Ofisi nzima ikaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa sababu sikuwa na pa kujificha. Lakini yeye hakucheka. Aliinamia meza yangu.

"Kuna mtu anaitwa Fundi. Nikimpima leo na kumwanzishia dawa, baada ya miezi sita atakuwa mzima. Nisipompima, nitakuletea mstari kama ule wa Kinyozi, na hutakuwa na mhuri wa kuurudisha. Chagua."

Nikaziingiza. Kompyuta iligoma kwanza, ikadai kwamba kaya haiwezi kuwa na wakazi zaidi ya thelathini, ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo mara kumi na nne. Haukuwa ushujaa. Nilikuwa nafikiria mkopo wa nyumba.

Mstari wa Kinyozi nilitaka kuuruka. Wafu hawahesabiwi kwenye mgao wa dawa, nikamweleza. Akaniwekea kidole kwenye karatasi.

"Mwandike. Asipoandikwa, ile sifuri yangu inabaki kuwa kweli."

Nikamwandika, kwenye rejista ya mwaka aliofia.

Wiki ya pili yake, mkuu wa gereza akamwita shemeji ofisini. Mkuu huyo si mtu katili. Ni mtu wa kupiga pasi kola mara mbili, aliyebakiza miaka miwili astaafu, na cheti kile alikuwa amekitolea nakala akaitundika sebuleni kwake. Makao makuu walikuwa wamempigia simu kuuliza imekuwaje gereza lake safi limegeuka mtaa wenye kikohozi kuliko mitaa yote ya wilaya.

"Muuguzi, umenidhalilisha," alimwambia. Alikuwa na karatasi tayari mezani. "Hapa imeandikwa kwamba kulikuwa na kosa la ujazaji. Tia saini, tuendelee na kazi."

"Kosa lipo, afande. Lilikuwa mwaka juzi, na nilishalitilia saini. La pili sitii."

"Hii ni amri."

"Amri ya kuandika ninachokiona naipata pale." Akamwonyesha kwa dirisha upande wa zahanati. "Ile karatasi ya wizara haikusema kila mwenye kifua kikuu isipokuwa wa kwako. Kama iko hivyo, nipe kalamu niongeze hayo maneno kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, wageni wakija wasome."

"Nitakuhamisha."

"Nihamishe. Lakini mpaka barua ije, kesho saa mbili nakusanya makohozi chumba cha sita, na natumia vikopo vya uji nikikosa vya maabara."

Hakuhitaji vya uji. Wizarani, kompyuta iliyopokea takwimu zangu haikujua gereza ni nini. Iliona mtaa mmoja wenye kaya kumi na nne zilizojaa kupita kiasi, ikauweka wa kwanza kwenye orodha. Kesho yake, Alhamisi, likaja gari lenye mashine ya kupimia, dereva, mpimaji wa maabara na daktari mmoja mama wa makamo aliyeshika orodha. Mimi nilipelekwa kuwaonyesha njia. Dereva alizunguka ukuta mara mbili akitafuta mtaa, mpaka nikamwambia asimame mbele ya lango la chuma.

"Hapa ni gereza," alisema daktari.

"Ndiyo, mama. Na ndio mtaa wenyewe."

Alinitazama, akatazama orodha yake, kisha lango. Nilitegemea aseme tugeuze. Akafunga vifungo vya koti lake jeupe, akashuka.

Shemeji alikuwa ameshapanga kila kitu. Mkuu wa gereza alisimama pembeni, kola imenyooka, asiweze kuwazuia watu wa wizara. Chumba cha sita kilifunguliwa. Harufu ilitoka kwanza, kisha joto, kisha nikaona watu wamekaa safu kwa safu, magoti yamegusana na migongo ya walio mbele. Nilikuwa nimeiandika namba sitini na moja kwa vidole vyangu, na sikuwa nimeielewa. Daktari alisimama mlangoni na orodha yake, akasoma kama anavyosoma kila mlango.

"Kaya namba sita. Mkuu wa kaya yupo?"

Nyapara akasimama. Ni pande la mtu lenye kovu shavuni, kifungo chake kirefu sana, na nadhani ilikuwa miaka mingi hajaulizwa hivyo. Alijiweka sawa shati.

"Nipo, mama. Karibuni. Viti hatuna."

Hakuna aliyecheka. Wakaanza kupima, Fundi wa kwanza. Hadi mchana chumba cha sita kilikuwa na wagonjwa tisa waliothibitishwa, vyumba vingine wagonjwa kumi na mmoja, na askari wawili, mmoja wao mlinzi wa zamu ya korido aliyekuwa anasema kifua chake ni vumbi tu. Dawa zilishushwa siku ileile. Kila asubuhi shemeji aliwasimamia wakimeza mbele yake, akiwaambia wafungue midomo wainue ulimi, na askari yule alipanga foleni na wafungwa, nyuma ya Fundi.

Mkuu hakukata tamaa. Alikuja ofisini kwetu mwenyewe akitaka Mtaa wa Ukutani ufutwe kwenye kompyuta, kwa kuwa kazi sasa imekwisha. Nilimgeuzia skrini aone. Kanuni ya wizara, si yangu: kaya yenye mgonjwa anayetumia dawa haifutwi mpaka apone, na akipona inafuatiliwa miaka miwili.

"Na hiki?" aliuliza, akionyesha mwaka wa sifuri, ambapo sasa ilisomeka moja.

"Huyo ni Kinyozi, afande. Alikuwa anakunyoa."

Alijipapasa kisogo. Kisha akaondoka bila kuaga. Barua ya kurudisha cheti niliichapa mimi tena, na nilihakikisha haina kosa hata la herufi. Fremu ilibaki zahanati. Shemeji aliweka ndani yake orodha ya chumba cha sita, akaagiza kila atakayemaliza dozi apewe kalamu aweke alama mwenyewe mbele ya jina lake.

Barua ya uhamisho ilikuja mwezi wa tano wa dozi, ya kwenda gereza la mbali, safari ya siku nzima. Mke wangu alilia. Shemeji alisugua viatu, akafunga mkoba, akaniachia kazi moja tu: nimpigie yeye simu siku Fundi atakapoweka alama. Aliiweka wiki sita baadaye. Alikuwa ameongezeka kilo saba, hata kwa hesabu ya ile mizani. Muuguzi mpya, kijana mwenye woga, aliniuliza kama anaruhusiwa kuwaacha wafungwa waandike ukutani. Nikamwambia hiyo ni fremu, si ukuta.

Nikampigia shemeji kumpa habari. Alishusha pumzi ndefu, nikasikia nyuma yake milango ya chuma ikifungwa na watu wakikohoa, wengi.

"Mshukuru Mungu," alisema. "Sasa nisikilize. Huku nako wana cheti, tena cha miaka minne mfululizo. Nitumie fomu ishirini na mbili."