Nguo Isiyoshika Upepo

Kazi yangu ya kwanza ya timu niliiharibu. Katibu wa chama cha baiskeli alikuja chumbani kwangu, mtaa wa Malindi hapa kisiwani, nilikokuwa nikishona mabaibui na sare za skuli, akaniagiza mashati manane ya timu. Nikayashona kama alivyonifunza mama: yenye nafasi, mwili upumue, umbo lisionekane. Kwetu nguo ya kubana humwaibisha fundi kabla ya mvaaji. Mashati yalitoka mazuri, nami nikajisifu.

Kocha Mkuu alinichukua hadi Tunguu nikayaone yakivaliwa. Yalikuwa mazoezi ya mbio za saa, yaani kila mtu huondoka peke yake, hana wa kujikinga nyuma yake, na mshindi ni mwenye muda mfupi zaidi. Vijana wakaelekea Jozani, uso kwa uso na upepo wa kusi, migongo yao imefura kama mito ya kulalia. Nikacheka. Kocha Mkuu hakucheka.

"Bi. Rukia, umewatwisha mizigo," akasema.

"Mizigo gani? Kitambaa chenyewe chepesi."

"Uzito si neno. Upepo ndo unaowavuta nyuma. Na wakizidisha mwendo, nao unazidi kuwakaba."

Nikamwambia kwamba wakigeuka watasukumwa, hasara itafidiwa. Akatikisa kichwa. Anayekwenda dhidi ya upepo, akanifafanulia, huenda polepole, kwa hiyo taabu hiyo hukaa nayo muda mrefu. Akigeuka hukimbia, na msaada huisha upesi. Alichopoteza hakirudi chote. Nilirudi mjini, nikayafumua mashati yote manane.

Tangu hapo nikawa fundi wa timu, chini ya makocha watatu. Nilijifunza kwamba shingo ya shati ikiachwa wazi hugeuka mfuko, na kwamba kitambaa kizito kilichotulia ni bora kuliko chepesi kinachopepea. Wanaume hawakunipa tabu. Tabu ilikuja na Zuwena.

Zuwena alikuwa binti wa seremala mmoja wa Mkokotoni, na sijaona miguu yenye nguvu kama ile. Timu ilibakiwa na nafasi moja ya kike ya kwenda kushindana Bara, nayo ingepatikana kwa mbio za saa, Tunguu hadi Jozani na kurudi. Baba yake akaja kwangu.

"Shikamoo, Bi. Rukia."

"Marahaba."

"Mie simkatazi mwanangu beskeli. Lakini akitoka na nguo ya kubana, ndo mwisho wake."

Kesho yake akaja Kocha Mkuu wa wakati huo, mtu wa maneno machache. "Akija na nguo inayopepea hatashinda," akasema. "Na asiposhinda, nafasi nampa mwengine."

Zuwena mwenyewe, aliyekuja naye, alinitazama tu. Niliona uchungu, maana baba alikuwa na haki yake na kocha yake, na aliyebanwa katikati ni yeye.

Nikakaa na mkasi siku nne. Nilijiuliza upepo unampiga wapi kwanza: kichwani, mabegani, mikononi. Hapo nikatumia kitambaa kizito, kinachokaa karibu na mwili bila kuuchora. Mtandio nikaushona pamoja na shati, usibaki na ncha ya kupepea. Kutoka kiunoni nikateremsha pande la kitambaa hadi magotini, nikalishikiza kwenye suruali pande zote lisinyanyuke. Baba akaja, akamzunguka binti yake mara mbili.

"Mwambie ainame kama yuko kwenye usukani."

Zuwena akainama.

"Haya," akasema baba, akaondoka.

Siku ya mbio kusi ilivuma hata wasimamizi wakashikilia kofia zao. Zuwena aliondoka wa mwisho. Nikamsindikiza kwa macho, na mgongoni mwake hakikutikisika kitu. Nilingoja pale mwisho wa mbio nikisoma kila dua ninayoijua. Alipopita mstari, Kocha Mkuu akatazama saa, akatazama karatasi, akarudi kutazama saa.

"Nafasi ni yake," akasema.

Nikapiga vigelegele mtu mzima mie, katikati ya barabara, wala sikujali nani ananitazama. Baba yake akanijia, macho yamemlowa.

"Bi. Rukia, mdogo wake naye anataka. Utampima lini?"

Zuwena akaenda Bara, akarudi na medali. Mimi nimestaafishwa na macho. Sindano siioni tena. Ninyi mnaoshona leo mna vitambaa ambavyo sisi hatukuviota, lakini mteja akikuleteeni sharti gumu msimcheke, kaeni nalo. Baiskeli sijapanda maisha yangu yote, hata ya kusukumwa. Lakini upepo wa njia ya Jozani niliushinda mimi, na nasema hivyo bila haya.