Nukta Nyekundu Kwenye Asali Safi

Wanaosema kupaka rangi nukta za grafu ni kazi ndogo, natamani siku moja wakae kwenye kiti changu. Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wafugaji nyuki alikuwa mmoja wao. Kila asubuhi alinipigia simu kutoka Inyonga, mimi nikiwa Mpanda mjini, na swali lilikuwa lilelile: "Bado tu? Si rangi mbili tu hizo?"

Zilikuwa mbili kweli. Mimi ndiye niliyetunza takwimu za ushirika, na yeye alitaka ukurasa wa kompyuta ambao kila ndoo ya asali inaonekana kama nukta. Asali yenye maji mengi huchacha. Kwa hiyo ndoo ambayo kipimo chake cha maji kimezidi asilimia ishirini iwe nyekundu, na iliyo salama iwe kijani, ili hata asiyejua kusoma aelewe.

Nilitumia maktaba ya programu, yaani msimbo ulioandikwa na watu wengine. Wewe unaupa namba zako, wenyewe unakuchorea grafu. Wiki nzima ya kwanza ilinichorea nukta zote za bluu. Nikibadilisha, zote nyekundu. Niliuliza mtandaoni, mtu akanijibu, "Mbona rahisi," kisha akabandika mistari ya toleo la zamani ambayo haifanyi kazi tena. Siku hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Wiki ya tatu nikagundua kwamba maktaba ile inapokea orodha ya rangi: rangi ya kwanza kwa nukta ya kwanza, ya pili kwa nukta ya pili, hadi mwisho. Nikaandika msimbo wa kutengeneza orodha hiyo mara tu ukurasa unapofunguka. Kwa namba za majaribio, zikatokea kijani, zikatokea nyekundu. Nikapiga makofi peke yangu chumbani.

Siku ya mkutano nikapanda basi kwenda Inyonga. Nilifungua ukurasa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Mara mfugaji mmoja akaingia na ndoo aliyochelewa kuileta. Nikaipima, nikaingiza namba yake, nayo ikakaa mwanzo wa mstari, maana nilipanga ndoo mpya zitangulie. Kisha nikawasha projekta.

"Msihangaike na namba," niliwaambia kwa kujiamini. "Nyie angalieni rangi tu."

Wakaangalia. Nyekundu ilikuwa moja tu, na chini yake palikuwa na jina la mama mmoja wa Ugalla ambaye miaka yote asali yake haijawahi kurudishwa na mnunuzi yeyote. Minong'ono ikaanza. Mtu wa nyuma akasema, "Kumbe na yeye anarina masega machanga, yenye maji!" Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Mama, umetuangusha."

Mama akasimama, akaenda hadi ukutani, akaweka kidole kwenye nukta yake.

"Mwanangu, mimi darasa la saba nilimaliza," aliniambia. "Hapa namba inasema kumi na saba. Rangi inasema mbovu. Nifuate ipi?"

Nilikodolea macho ukutani. Ndipo nikaona nukta ya mwisho kabisa: haikuwa kijani wala nyekundu, ilikuwa ya kijivu. Nikaelewa. Ndoo mpya ilikuwa imezisukuma nukta zote hatua moja, lakini orodha ya rangi ilibaki vilevile nilivyoitengeneza mwanzo. Kila ndoo ilivaa rangi ya jirani yake, na ya mwisho ikakosa.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Asali ya mama ni nzuri."

"Sema kwa sauti," akasema mama. "Aliyenisema pale nyuma hakunong'ona."

Nikarudia kwa sauti. Nikazima projekta, nikaketi mbele ya watu wote, nikafuta ile orodha. Badala yake nikaipa maktaba kanuni: kabla ya kuchora nukta yoyote, tazama kwanza kipimo chake, kikizidi ishirini paka nyekundu, kisipozidi paka kijani. Mistari mitatu. Wiki tatu za kukosa raha, na dawa ilikuwa mistari mitatu!

Nilipowasha tena, mama alikuwa kijani. Nyekundu ilikuwa imesogea hatua moja, na jina chini yake lilikuwa la mwenyekiti.

Mwenyekiti akakohoa. "Hicho kipimo nacho kina matatizo," akasema. Nikaipima ndoo yake upya mbele ya watu, mara mbili. Ishirini na mbili, mara zote. Akaniinamia. "Sasa hakuna rangi ya katikati? Njano hivi?"

Nikamwambia hakuna.

Mama hakuridhika na kusafishwa Inyonga tu. Alisema maneno yameshatangulia kwao, hivyo niyafuate mwenyewe. Baada ya siku mbili nikapanda pikipiki hadi Ugalla, nikasimama uani kwake mbele ya majirani, nikaeleza yote. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, jirani mmoja akaniuliza kama ile kompyuta imeshapelekwa kwa fundi. Nikaanza kueleza upya.