Meno ya Mama

Juzi, sokoni Kasongo, harufu ya nyama ya swala iliyokaushwa kwa moshi ilinirudisha jikoni kwa nyanya yangu, kule Wamaza. Mama alikuwa amejifungua, na mtoto alikuwa akilia njaa kwa sauti nyembamba mno. Nyanya alichemsha nyama kama hiyo kwa mawese hadi ikalegea, kisha akampa mama bakuli lote.

Nilikasirika. "Mwenye njaa ni mutoto!"

"Mutoto anakula na meno ya mama yake," nyanya alijibu.

Sikujua bado kwamba mchuzi ule ungegeuka maziwa. Nilimchungulia mama mdomoni, nikitafuta meno ya mtoto. Jioni mtoto alinyonya hadi akalala.

Mdogo wangu huyo ndiye aliyenipeleka sokoni juzi, kwa pikipiki yake. "Yaya, chagua yenye kunona," aliniambia. "Muke wangu amezaa."