Sululu Wawili, Si Mbili

Barua yangu kwa mtendaji wa kijiji ilikuwa na aya moja, na haikuwa na kosa hata moja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mpaka leo, hapa kwetu Lundo, wapo wanaodai kwamba mkanganyiko ule niliuanzisha mimi.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa masjala katika ofisi moja pale Mbinga, nikarudi ziwani na darubini yangu. Asubuhi moja ya Novemba, ziwa likiwa limejivuta na kuacha tope pana, niliona ndege wawili nisiowahi kuwaona: wakubwa kama kuku tetea, miguu mirefu, mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Jina lao nililipata kwa mwenye duka jirani, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Nilimchorea mdomo ule kwenye karatasi ya kufungia sukari, akacheka.

"Huyo sululu, mzee wangu! Hutoka nchi za baridi, kwetu pwani hujaa ufukweni. Huku bara kafuata nini?"

Kijijini kwetu kila mgeni anayelala huripotiwa ofisini. Sikuona sababu ya ndege kusamehewa. Niliandika: "YAH: KUONEKANA KWA SULULU WAWILI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sululu wawili wameonekana kwenye tope lililo chini ya mashamba ya mpunga, wakiwa katika hali nzuri. Naomba waingizwe daftarini."

Kumbe siku zile kamati ya maji ilikuwa imepoteza sululu mbili za kuchimbia mtaro wa bomba. Huku kwetu neno hilo lina maana moja tu, na maana hiyo ina mpini. Kwenye mkutano wa kijiji mtendaji akasimama, akatangaza kwa furaha kwamba mzee mstaafu ameziona sululu za mradi, ziko topeni, na ziko katika hali nzuri.

Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko katikati ya ziwa, akanigeukia.

"Shikamoo, baba. Yaani umeziona, ukaziacha huko huko?"

"Marahaba. Hawakamatiki."

"Hawakamatiki vipi?"

"Wanaruka."

Mkutano ukaangua kicheko. "Basi na jembe langu litakuwa limerukia Malawi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. Mwingine akataka nyumba yangu ikaguliwe. Nyumba yangu! Mimi ambaye sikuwahi kupoteza faili hata moja!

"Soma barua," nikamwambia mtendaji. "Nimeandika wawili au mbili?"

"Umeandika wawili, mzee. Nikadhani Kiswahili kimekuteleza, nikakurekebishia."

Kunirekebishia!

Nilidai kamati nzima inifuate topeni saa ile ile, huku moyoni nikiomba wageni wangu wasiwe wameondoka. Tulimkuta mmoja. Mama mwenyekiti akanitazama kama karani aliyeletewa hati moja kati ya mbili, anayesubiri ya pili. Ndipo ndege yule akazamisha mdomo topeni mpaka kwenye paji la uso, akauzungusha, akachomoa mnyoo.

"Ee! Kumbe anachimba kweli!" akasema mama. "Huyu nampangia mtaro kesho."

Filimbi kali zikasikika nyuma ya matete, mfululizo, na wa pili akainuka. Mwenzake akamfuata, wakapita juu ya vichwa vyetu. Mtendaji alifuata vidole vya wote, akahesabu kwa sauti: "Wawili."

Nilimtaka aandike marekebisho palepale, daftari likiwa gotini, na ayasome kwa watu walewale waliosikia lile kosa. Aliandika: "Sululu ni ndege, wawili. Mzee hana sululu."

Nikamrudishia. Nilimwambia aongeze maneno "za kijiji", kwa kuwa nyumbani ninayo moja, yangu mwenyewe, na aweke saini pembeni ya nyongeza hiyo. Aliguna, akaweka.