Uzi Mweusi wa Alhamisi

Mzee Sylvère ni jirani yangu hapa mtaani Carama. Kati ya nyumba yake na yangu kuna ua wa miyenzi tu, ile miti ya utomvu mweupe, tena umetoboka hapa na pale, kwa hiyo nikikaa barazani kukaanga maandazi namwona mzima mzima. Watu husema Waridi ana macho ya umbea. Sawa, ninayo. Bila umbea wangu nani angejua habari za mzee huyu?

Alikuwa dereva wa lori. Alistaafu, halafu mkewe akafariki, mwaka wa tatu sasa. Mtoto wao ni mmoja, yuko Kanada, anapiga simu Krismasi. Mzee alibaki na shamba la mihogo nyuma ya nyumba na redio asiyoizima. Ni mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Mwaka huu, kiangazi kilipoanza, akaja binti mmoja wa chuo kikuu, Irène, akaomba mihogo sita ya kujifunzia. Mzee angempa shamba zima. Irène akafunga nyuzi kwenye vikonyo vya majani: nyeupe kwa jani lililofunguka juzi, nyekundu kwa lile la wiki tatu, nyeusi kwa jani zee la chini. Kila Alhamisi asubuhi alikuja na mashine inayobana jani na kupima linavuta hewa kiasi gani likipika chakula chake kwa jua. Vitabuni kazi hiyo inaitwa usanisinuru. Irène alimweleza mzee kwa lugha ya jikoni, nami nikasikia yote.

"Majani ya uzi mweupe ni mutoto, papa. Inakula tu, bado haijajua kupika vizuri. Ile ya uzi mwekundu ndiyo inalisha nyumba yote."

"Na ile nyeusi?"

"Imechoka. Kila wiki inapika kidogo kuliko wiki iliyopita. Itageuka manjano, vitu vyake vizuri virudi kwa wadogo, kisha ianguke."

"Na we je? Utakuja mpaka lini?"

"Mpaka nyeusi zote zianguke. Hapo kazi yangu imeisha."

Mzee alicheka, lakini tangu siku hiyo nilimwona akiamkia shambani kuhesabu nyuzi nyeusi. Mtu wa kawaida anaamkia chai. Alhamisi alinyoa ndevu, akafagia mpaka njiani, akachemsha viazi vya kumkirimu mgeni. Irène akiondoka, alimsindikiza hadi barabara kubwa, akirudi polepole kama aliyesahau njia. Siku nyingine sita hakuna aliyepiga hodi kwake. Mimi pia sikupiga. Nilikuwa na wateja.

Nyuzi nyeusi zikaanguka moja moja, ikabaki moja. Jumatano moja nilimwona amepiga magoti kwenye mhogo wa mwisho kwa muda mrefu. Nikadhani anatoa wadudu. Kumbe alikuwa amegusa jani lile la manjano aone kama lina nguvu, nalo likakatika, likabaki mkononi mwake. Akafungua uzi, akaufunga kwenye jani la juu yake, pana, la kijani kibichi, halafu akafukia lililoanguka.

Kesho yake mashine ikasoma, Irène akapiga kelele hadi maandazi yangu yakaniungulia.

"Papa! Hii majani imekataa kuzeeka! Wiki iliyopita ilikuwa karibu kufa, leo inapika karibu sawa na ile nyekundu!"

"Mungu ni mkubwa," mzee akasema, mwongo mkubwa yule. Alikuwa amejaa furaha. Binti alisema atarudi mwezi mzima zaidi kulifuatilia jani hilo.

Alhamisi iliyofuata Irène alikuja amesuka nywele upya. Akapima, kisha akamwambia mzee kuwa profesa wake hakuamini, kwamba ameliweka jani lile mwanzoni kabisa mwa mémoire yake, lile andiko la kumalizia chuo, na kwamba atasimama mbele ya walimu wanne kulitetea.

"Watanicheka kwanza, papa. Kisha nitawaonyesha namba."

Nikamwona mzee anakaa chini, palepale udongoni, na shati lake safi.

"Usiende nayo, mutoto wangu. Ni mi nilihamisha uzi. Ile ya kweli ilianguka Jumatano ya wiki iliyopita. Nimeifukia hapa."

Irène alichutama, akachimbua kwa vidole, akalipata limekuwa jeusi.

"Kwa nini, papa?"

"Ikianguka, we apana rudi tena."

Binti alitoa daftari, akapiga mistari juu ya namba za wiki mbili, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikachanika. Aliifunga mashine. Alisema ana hasira na hataki kumdanganya kwamba hana. Akaondoka peke yake, na mzee hakuthubutu kumsindikiza. Ni wiki tano sasa, hajarudi.

Jioni ya Alhamisi ile mzee alikuja kwangu, mara ya kwanza tangu msiba wa mkewe. Nilijua anakuja kulalamika, nikaandaa maneno ya kumsuta kidogo na kumpoza kidogo. Alikataa kiti. Uso wake ulikuwa mtulivu kuliko nilivyotarajia.

"Umesikia, mama Waridi?"

"Nimesikia, muzee. Pole. Kabinti kamekukasirikia vibaya."

"Apana, ni mutoto muzuri. Aliniuliza kwa nini." Alinitazama kana kwamba ananipa habari njema. "Tangu bibi yangu afe, hakuna mutu aliniuliza kwa nini. Kwa kitu chochote."

Nilikuwa na mwiko mkononi na maneno yangu yote tayari. Nikauweka mwiko chini, nikamsogezea kiti tena.