Kumpima Maalim

Shida zilinianza mwaka 1951, nikiwa na umri wa miaka thelathini. Bohari niliyokuwa nikiilinda bandarini Tanga ilipata mlinzi mwenye miguu miwili. Wangu mmoja ulibaki vitani Burma. Serikali ikanipa wa mti na asante. Shule nilisoma madarasa mawili tu, lakini mtu akitaka kunidanganya namwona anavyokuja.

Mwezi huohuo nikaenda Ngamiani kwa Fundi Mkuu wa cherehani. Alinitazama mguu kabla ya uso.

"Kanyagio ni moja," nikamwambia, "na mguu ninao mmoja. Tunatoshana."

Akacheka, akanipa kaki. Kaki ni kaptura za manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge: mshono mnene, hakuna anayeukagua. Ufundi wenyewe ulikuwa kanzu. Hukatwa kwenye bafta nyeupe, shingoni hutiwa kaba, ule utepe wa tarizi, na pindo lisishuke chini ya kifundo cha mguu. Asiyepewa kanzu hakuhesabiwa fundi. Kaki zikipungua, yeye ndiye anayeambiwa akapumzike kwao.

Nilishona kaki miaka mitatu. Idi ilipokaribia, Fundi Mkuu akasema, "Askari, leo mpime Maalim." Huyo alisomesha watoto Kurani Chumbageni, na fundi aliyemkubali alikubaliwa na mji.

Taabu yangu ilikuwa pindo. Fundi huchutama mbele ya mteja. Mguu wa mti hauchutami. Hemedi, fundi mwenzangu, akaninong'oneza: "Mpandishe barazani, wewe simama njiani. Utamfikia vizuri." Nilimwona anatabasamu, na bado nikamwamini. Sijarudia.

Maalim akapanda. Nikamwambia, "Geuka kidogo." Wapita njia wakasimama kutazama. Uso ukambadilika.

"Nipandishwe juu nigeuzwe-geuzwe mbele za watu? Umenileta mnadani, we askari? Mimi mtumwa wa kuuzwa?"

Akabeba bafta yake, akaondoka. Hemedi alikuwa ameinamia cherehani, mabega yanamtikisika.

Fundi Mkuu hakupiga kelele. "Nitamwomba arudi kesho. Ukishindwa, kiti changu usikikalie tena, hata kwa kaki."

Kesho yake Maalim akaja, midomo kaibana.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba," bila kunitazama.

Mguu ule sikuwahi kuuvua mbele ya mtu. Hata mke wangu nilimzimia taa kwanza. Nikafungua mikanda ya mguu, nikauweka kando, nikakaa mkekani, kigutu wazi, njia nzima inaona. Maalim akanitazama sana.

"Kumbe uko hivi."

"Niko hivi, Maalim. Simama nikupime."

Akasimama, akatulia. Kisha akasema bila kugeuka, "Na wewe Hemedi, cheka basi."

Hemedi akatafuta sindano ambayo haikupotea.

Idi ile Maalim aliswali na kanzu yangu. Baada yake wazee wakawa wakifika wanauliza, "Yule wa mkekani yupo?"

Sasa macho yamenistaafisha. Ninyi vijana mnaonijia kuuliza siri ya kazi, mkipewa ushauri na mtu anayetabasamu, mwulizeni kwanza kwa nini hafanyi mwenyewe.

Leo nina nyumba ya vyumba sita Ngamiani, cherehani tatu, shamba la michungwa Muheza, na miguu miwili ya mti, mmoja wa Ijumaa. Funguo zote naziweka mwenyewe.