Baruti Mbichi na Jina la Mujinga

Mwaka ule ambao kartushi zilikwisha kabisa katika maduka ya Kamina, wawindaji walibaki na fundi mmoja tu, Éliézer wa karakana ya reli. Kwenye kadi yake ya Zaire alikuwa na jina jingine, la ukoo, maana majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali. Lakini mke wake Phébé alikuwa akimwita Éliézer tangu ndoa yao, na watu wa mtaa hawakuona sababu ya kubadili ulimi kwa ajili ya kadi.

Zamani za duka la Mgiriki, mtu aliingia na bunduki begani akatoka na boksi la kartushi mpya. Mgiriki akaondolewa, duka akapewa mkubwa mmoja wa serikali, na mkubwa akauza alichokikuta mpaka rafu zikabaki na vumbi na chupa za mafuta ya nywele. Tangu hapo ganda la kartushi halikutupwa tena. Mwindaji aliliokota porini, akalipangusa, akalileta kwa Éliézer lijazwe upya.

Éliézer aliipenda kazi hiyo kuliko ya karakana. Alikaa nyuma ya nyumba akayeyusha risasi ya betri kuukuu za lori. Baruti aliipima kwa ganda la bunduki ya askari, alilopewa na sajini mmoja wa base ya jeshi, akalikata kwa msumeno mpaka likawa kipimo chake mwenyewe. Juu ya baruti aliweka karatoni, kisha kipande cha mviringo alichokata kwenye kofia nzito ya marehemu baba yake, kisha risasi, kisha karatoni tena, na nta ya mshumaa ya kufunga mdomo.

Na kila mnyama alikuwa na chakula chake. "Kanga, unamupa punje ndogo kama mtama," alikuwa akisema. "Nguruwe ya pori, donge moja. Lakini mbweha, ndugu yangu, mbweha iko na akili kama karani. Ukimupiga na punje ya kanga, anakwenda nayo ku nyumba kuonyesha batoto. Ukimupiga donge moja, linapita pembeni yake. Mbweha anaomba tisa, kila moja kama haragwe, na baruti ya kutosha nyuma yake."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyebisha. Kartushi ya Éliézer haidanganyi: ndivyo walivyosema wawindaji wote, toka Kamina mpaka kule Luena. Neno hilo Éliézer alilipenda kupita kiasi.

Basi, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimezidi, mbweha walisogea mpaka kwenye mashamba ya mihogo nyuma ya nyumba za watu. Zaina, mama wa ukoo wa Maniema aliyeuza mikate kituoni, alipoteza wana wa mbuzi wawili katika juma moja. Alikwenda kulia kwa Mputu, mwindaji wa mtaa ule, mtu wa maneno machache na jicho lisilokosea. Jumatatu Mputu akafika kwa Éliézer na maganda manne, akifuatana na mzee Ézéchias, mkubwa wa wawindaji.

"Wafwako, Papa Éliézer," Mputu akasalimu kwa Kiluba.

"Eyo vidye. Mukae. Munaleta nini?"

"Tunaleta njaa ya kartushi," akasema Ézéchias. "Mbweha anakula Zaina."

"Anakula Zaina mwenyewe?"

"Bado. Anaanzia ku mbuzi."

Wakacheka. Éliézer akawaacha mbele na Phébé, akaenda nyuma kuchukua kopo la baruti. Alipoliinua tu, mkono ukamwambia kuwa ni zito. Kifuniko kilikuwa kimelegea na unyevu wa mvua umeingia.

Alikuwa na desturi yake. Kabla ya kujaza, aliweka baruti kidogo juu ya karatasi nyeupe akaiwasha. Baruti njema inakwenda mara moja, *fuu*, karatasi inabaki safi. Ile ya siku hiyo ilinung'unika, ikatema cheche kama mafuta yenye maji, ikaacha doa jeusi lililolowa. Éliézer akaliangalia lile doa. Kazi iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndogo kabisa: kutoka na kusema, ndugu zangu, baruti yangu ni mbichi, mrudi keshokutwa niianike. Akasimama. Na hapo akamsikia Ézéchias akimwambia Phébé, "Mama, siku muzee wako atakufa, siye bawindaji wote wa Kamina tutakula sombe tu, majani bila nyama."

Éliézer akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. Akaongeza robo ya kipimo, akijidanganya kuwa wingi utafidia ubovu, akajaza maganda yote manne. Ya nne nta yake ilikataa kushika, akaibakiza. Tatu akampa Mputu.

Alhamisi wakamwita kwenye uwanja wa Mputu. Wawindaji sita walikuwa wameketi, na majirani wameegemea ua wa matete.

"Mbweha alisimama," Mputu akaeleza. "Hatua makumi mbili, karibu. Nikapiga. Akajikunguta kama imbwa inatoka mu maji, akaniangalia. Kesho yake tena. Mara tatu, baba. Ile ya tatu, ni kama alinihurumia."

Mtu mmoja alicheka. Ézéchias hakucheka. "Jicho ya Mputu tunaijua," akasema. "Kartushi ya Éliézer tunaijua. Sasa kunabaki nini?"

Kila mtu alijua kilichobaki. Mume akiwa katika mawindo, mke wake anashika mwiko: hagombani, hatoi moto wa jikoni kwake, na zaidi ya yote hakaribishi mwanaume mwingine. Mwindaji akikosa mara moja ni bahati mbaya. Akikosa mara tatu, wazee wanaiuliza nyumba yake.

Wakamwita mke wa Mputu, Mujinga, jina la Kiluba ambalo halina ujinga ndani yake. Alitoka jikoni, unga wa mihogo ukiwa bado mikononi.

"Mujinga, mume wako akiwa mu pori, nani aliingia hapa?" akauliza Ézéchias.

"Hakuna muntu."

"Sema tu, mutoto wangu. Ukisema, tunafanya dawa, inakwisha."

"Nitasema nini? Munipe jina ya huyo mwanaume, papa. Minyi simujui."

Zaina akapaza sauti kutoka uani. "Jumanne niliona baiskeli ku mulango hapa!"

"Ile baiskeli njo ya kaka yako, Mama Zaina. Alileta makala. Weye mwenyewe ulimutuma."

Watu wakaangua kicheko, hata Zaina akaziba mdomo. Lakini kicheko hakikumsafisha Mujinga. Neno la baiskeli lilikuwa limekwisha kuruka ua, na neno likiruka ua halina mwenyewe.

Ndipo Mujinga akamgeukia Éliézer, kwa heshima, kama anavyomgeukia mkwe. "Papa Éliézer, weye njo fundi. Kartushi haiwezi kuharibika?"

Macho yote yakamfuata. Éliézer akahisi ile karatasi mfukoni kama kaa la moto. Hata leo mtu akimpa njia ya kurudi kwenye saa ile, atatembea kwa magoti kuifikia.

"Kartushi..." akasema. "Minyi nilijaza vile ninajazaka siku zote."

Mujinga akainamisha kichwa. Mputu, bila kumtazama, akasema, "Kesho utapanda treni, uende kwenu Kabongo. Bakubwa yako bakuulize. Kaka yako nimekwisha kumutumia neno leo na fundi wa treni." Kisha akaingia ndani.

Ijumaa asubuhi Phébé alichukua shati la mumewe kulifua. Akaitoa karatasi.

"Hii nini?"

Éliézer alimweleza yote, chini chini, akiwa ameshika kikombe. Phébé hakupiga kelele. Alilikunja lile shati kana kwamba limekwisha kufuliwa.

"Na Mujinga anakwenda leo?"

"Leo."

"Na weye unakunywa chai."

Akakiweka kikombe. Akavaa shati lilelile chafu, akachukua kartushi ya nne, akaenda karibu mbio. Kwa Mputu alimkuta Ézéchias, na Mujinga amekwisha kufunga mzigo wake kwa kitenge. Éliézer hakusalimu hata. Aliomba bunduki, akaegemeza mlango mbovu wa jiko kwenye kichuguu, akahesabu hatua ishirini, akapiga.

Bunduki ilikohoa. Ndiyo, ilikohoa, kama mzee mwenye kifua. Moshi mzito ukatambaa. Risasi mbili zilishika ngozi ya juu ya ubao tu. Mputu alizibandua kwa kucha. Nyingine zilikuwa majanini, njiani, zimechoka kabla ya kufika.

"Baruti ilikuwa mbichi," akasema Éliézer, akawaonyesha karatasi. "Niliona Jumatatu, mbele ya kujaza. Niliogopa kusema."

"Uliogopa nini?" akauliza Ézéchias.

"Mungesema kartushi ya Éliézer inadanganya."

"Sasa ukaacha tuseme bibi ya mwenzako njo anadanganya."

Éliézer alitamani wamtukane. Lakini Ézéchias naye alikuwa anaangalia chini, maana yeye ndiye aliyeuliza nyumba kabla ya kuuliza baruti.

Mujinga akasogea. "Ulijua tangu Jumatatu."

"Ndiyo, mama."

"Jana nilikuuliza mbele ya bantu."

"Uliniuliza."

Akauinua mzigo wake akautia mikononi mwa Éliézer. Ézéchias akaguna, maana mzee wa umri ule habebeshwi mzigo na mke wa mtu.

"Beba," akasema Mujinga. "Twende ku gare, ku treni. Kila muntu atatusalimia, utamuelezea."

"Mujinga," akasema Mputu, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Rudi mu nyumba. Maneno imekwisha."

"Imekwisha hapa. Ku Kabongo imeanza jana."

Wakaondoka. Wa kwanza kuwasalimu alikuwa fundi cherehani wa kona. "Papa Éliézer, unahama?" Éliézer akaanza kwa mvua, akaja kwenye kifuniko cha kopo, akazunguka kwenye unyevu. Mujinga akasimama barabarani. "Papa, kifuniko hakikuongea jana. Weye njo uliongea." Akaanza upya. Jasho lilimtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Kwenye bomba la maji kulikuwa na wake za askari, wakigombea zamu kwa Kilingala. Alipowaeleza, walimcheka waziwazi, mmoja akasema mzee huyu na bunduki yake wote wamelowa baruti. Hata hilo alilipokea. Alipofika sokoni habari yake ilikuwa imefupika mpaka sentensi moja: nilijaza baruti mbovu, nikanyamaza, huyu mama hana kosa. Kadiri ilivyofupika ndivyo ilivyomchoma zaidi, kwa sababu haikubaki na mahali pa kujificha.

Kituoni Zaina alikuwa na beseni lake la mikate. Alisikiliza, akashika kiuno.

"Yo! Na minyi nimekwisha kuambia bantu kumi!"

"Basi anza kurudi kwao," akasema Mujinga.

Treni ilifika ikipiga honi. Mujinga akapanda, Éliézer akampitishia mzigo dirishani. Alifikiri hapo ndipo mwisho wa adhabu yake, na moyo wake ukataka kupumua.

Mujinga akainamia dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yalikuwa na maji. "Ku Kabongo nitasema nini, papa? Baba yangu ni muntu wa haya. Nikisema ni baruti, atasema natafuta njia. Nani atanisadiki?"

Éliézer alisimama kwenye changarawe na mikono mitupu. Hakuwa na tiketi. Kazini walikuwa wakimngojea tangu honi ya asubuhi. Shati lilikuwa chafu, na kule hamjui mtu. Akamgeukia Zaina.

"Umuambie Phébé nimekwenda Kabongo."

"Utarudi siku gani?"

"Kisha kuongea na baba yake. Na ule kaka."

"Na bakiniuliza umekwenda juu ya nini?"

"Usifiche kitu."

Akashika chuma cha mlango akapanda, treni ikianza kusogea. Alipata nafasi mbele ya Mujinga, karibu na mtu wa Kabongo aliyebeba kuku wawili katika kikapu. Mtu huyo alikuwa mchangamfu. Aliwasalimu wote wawili, akawasogezea njugu, akauliza mzee anampeleka binti yake wapi.

Mujinga akageuza uso, akatazama nje.

"Si binti yangu," akasema Éliézer, na akaanza kumweleza.